Vikuku, Viatu na Lango la Ukaguzi

Matambarale hakuna kiwanja cha ndege. Mtu wa huko anayekwenda safari ya angani, iwe ni kuhiji, kusoma au kumwona mwanawe aliyeolewa ughaibuni, huanza kwa gari mpaka Ruangwa au Nachingwea, kisha huendelea Mtwara au Dar es Salaam ndipo aione ndege yake. Hata hivyo watu wa upande ule si wageni wa ndege kama wengi wanavyodhani. Zamani Matambarale ilihesabiwa Nachingwea, kabla Ruangwa haijawa wilaya, na Nachingwea ilipata kiwanja cha ndege katika zama za mpango wa karanga, ule mpango mkubwa wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Karanga hazikuota kwa kiasi kilichotarajiwa. Reli iliyojengwa kutoka pwani nayo iling'olewa miaka michache baadaye. Kiwanja kilibaki, na ndege za East African Airways ziliendelea kutua.

Katika siku hizo msafiri aliyefika uwanjani aliulizwa habari moja kubwa: uzito. Katika ndege ndogo mizigo ilipimwa, na pengine mwenye mzigo naye alipandishwa kwenye mzani, kwa kuwa rubani alihitaji kujua kama ataweza kunyanyuka. Hakuna aliyeuliza una chuma gani mkononi au umevaa viatu vya namna gani. Mwanamke aliyevaa vikuku tangu kiwiko hadi kifundo angeweza kupanda navyo, akakaa, akashuka navyo, na jambo pekee ambalo vikuku vyake vingemsababishia ni kuongeza ratili moja au mbili kwenye mzani.

Basi lango hili tunalopita leo, lenye kulia kama mtoto aliyefinywa kila linapoona chuma, lilitoka wapi? Na kwa nini linatuvua viatu?

Asili ya chombo chenyewe ni ya huruma. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuiona ilipolala mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta chombo cha umeme cha kusikilizia chuma ndani ya nyama. Kilifanya kazi vizuri alipokijaribu kwa watu wengine, lakini juu ya Garfield kililia kila mahali. Baadaye ilielezwa kuwa rais alikuwa amelazwa juu ya kitanda chenye springi za chuma, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa geni. Garfield alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Ninakipenda kisa hiki kwa sababu udhaifu wa chombo hicho haujabadilika mpaka leo: kinajua kwamba kuna chuma, lakini hakijui chuma hicho kipo kwa ajili gani. Lango la uwanja wa ndege lina nyaya zilizozungushwa pande zake, zinazotoa nguvu ya sumaku kwa mipigo ya haraka. Kitu chochote kinachopitisha umeme huijibu nguvu hiyo, na lango hulia. Dhahabu hujibu, fedha hujibu, shaba hujibu, na bastola hujibu. Pete nyembamba hupita kwa sababu ni ndogo tu, wala si kwa sababu lango limeiheshimu ndoa.

Marekani ndiko lango lilikoanza kuwa sheria. Kati ya mwaka 1968 na 1972 ndege zaidi ya 130 za nchi hiyo zilitekwa, nyingi zikaamriwa kwenda Cuba. Mashirika ya ndege yalipinga ukaguzi wa abiria wote, yakihofia gharama na kuwaudhi wateja. Yaliona afadhali ndege iende Havana na kurudi kuliko kumpekua kila mwenye tiketi. Kisha mwezi Novemba 1972 watekaji wa ndege moja ya shirika la Southern Airways walitishia kuiangusha juu ya kinu cha nyuklia huko Oak Ridge, Tennessee. Hapo uvumilivu ukaisha. Kuanzia tarehe 5 Januari 1973 kila abiria wa Marekani na kila mfuko wake ulikaguliwa, na mwaka uliofuata, tarehe 22 Machi 1974, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga likapitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, ambacho ndicho kinachozitaka nchi zote wanachama, pamoja na yetu, kuwa na ulinzi wa namna hiyo.

Msomaji anaweza kusema: hayo ni ya Wamarekani na Cuba yao, sisi yanatuhusu nini? Yalituhusu upesi. Mwezi Juni 1976 ndege ya Air France iliyotekwa baada ya kutoka Athens ililetwa Entebbe, na usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakaja kuwachukua mateka kwa risasi. Miaka sita baadaye zamu ikawa yetu wenyewe. Tarehe 26 Februari 1982 ndege aina ya Boeing 737 ya Air Tanzania, iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, safari ya nyumbani kabisa, ilitekwa na vijana wa Kitanzania. Ilipelekwa Nairobi, ikapelekwa Jeddah, ikapelekwa Athens, hatimaye ikatua Stansted, Uingereza. Watekaji walitaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Oscar Kambona, aliyekuwa akiishi uhamishoni Uingereza, alihusishwa katika mazungumzo, na tarehe 28 Februari mambo yakaisha kwa watekaji kujisalimisha. Mtu aliyeondoka Mwanza akiwa na kandambili na kikapu cha samaki akajikuta katika baridi ya Uingereza mwezi wa pili. Tangu hapo hakuna Mtanzania mwenye haki ya kusema kwamba lango lile ni ugonjwa wa wageni.

Nimeeleza hayo ili nisije nikadhaniwa napinga ukaguzi. Siupingi. Lakini lango lile linapomwambia mtu wa Kusini avue kikuku na kiatu, linamgusa mahali penye historia nyingine, ya zamani kuliko ndege, na historia hiyo aghalabu haisemwi.

Nchi ya Wamwera, ambako Matambarale imo, ilikuwa njia na pembezo la misafara ya kwenda Kilwa na Lindi. Meno ya tembo yalishuka pwani, nguo na shanga zikapanda, pamoja na masango na udodi, yaani waya nene na nyembamba za shaba, ambazo wahunzi walizikunja kuwa vikuku vya mikono na miguu. Kikuku kilikuwa akiba, kilikuwa mahari, kilikuwa jina la mtu. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka sehemu za Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinapoa, alistaajabia mapambo ya wanawake na hasa ndonya, kile kipande cha mti cha mviringo kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu. Wako wanaosimulia kwamba ndonya ilibuniwa ili kuwaharibia sura wanawake wasitamaniwe na wachukuzi wa watumwa. Mimi simulizi hiyo siiamini sana. Watu hawajiumizi kwa uangalifu namna ile, wakiongeza ukubwa wa ndonya kidogo kidogo kwa miaka mingi, ili wawe wabaya. Waliona ni uzuri, na sisi ndio tuliokuja baadaye tukaona haya na kutafuta sababu.

Lakini utumwa wenyewe ulikuwapo, na watu wengi wa Kusini waliuzwa kwa njia ya Kilwa mpaka Unguja. Mwaka 1811 nahodha Mwingereza aitwaye Thomas Smee alifika Unguja na kuandika alichokiona sokoni. Watumwa walipakwa mafuta ya nazi wakang'aa, wakachorwa nyuso, wakavishwa vikuku vya dhahabu na fedha mikononi na miguuni, kisha wakapitishwa katika mitaa, bwana akinadi bei. Mnunuzi akipendezwa, alimsimamisha mtumwa na kumpekua mwili: mdomo, meno, kila kiungo, pamoja na vile ambavyo mtu haonyeshi. Vikuku havikuwa vya mtumwa. Vilikuwa vya muuzaji, na biashara ikimalizika vilivuliwa vikavishwa mwingine.

Viatu navyo vilikuwa na neno lake. Unguja mtumwa hakuruhusiwa na desturi kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya mabwana. Utumwa ulipofutwa kisheria visiwani mwaka 1897, mambo ya kwanza ambayo watu walioachiwa walijitafutia yalikuwa nguo za kujistiri na viatu. Mwanamume aliyekuwa akitembea peku maisha yake yote alinunua makubazi, akapita nayo mbele ya baraza alikokuwa akipita ameinama. Sisi tunaosema "ni viatu tu" hatukupata kunyimwa viatu.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo. Kwa desturi zetu kuvua viatu si fedheha hata kidogo. Tunavua mlangoni mwa msikiti, tunavua mbele ya mkeka wa mtu, na wote wenye Kurani na wenye Biblia wanajua kwamba Musa aliamriwa avue viatu vyake kwa sababu ardhi ilikuwa takatifu. Lakini anayevua viatu msikitini anavua kwa heshima anayoitoa yeye. Anayevuliwa langoni anavua kwa shaka aliyowekewa. Kitendo ni kimoja, mguu ni uleule, na sakafu ya uwanja wa ndege ni safi kuliko ya misikiti mingi, lakini moyo wa mtu mzima unatambua tofauti hata kama hana maneno ya kuieleza.

Mwaka 1997 nilimsindikiza mama yangu mkubwa, dada wa mama, alipokwenda Makka. Yeye ni mtu wa Matambarale kwa kuzaliwa na kwa kuishi, na kwa kuwa ni mtoto wa dada yake niliweza kuwa maharimu wake. Mkono wa kushoto alikuwa na vikuku vitatu vya shaba. Tulipofika langoni, katika uwanja mmoja ambao sina haja ya kuutaja, lango lililia. Binti wa ukaguzi alikuwa na adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Samahani bibi, naomba uvue hizo bangili uziweke hapa kwenye sinia."

"Hizi hazivuliwi. Nilivishwa na marehemu mume wangu. Mwenye kunivua hayupo."

Binti alidhani ni maneno ya uzee. Akaomba kuujaribu mkono mwenyewe, akakuta kwamba kifundo kimenenepa kuliko vikuku, na kwamba visingeweza kutoka ila kwa kukatwa. Alikuja bwana mmoja mkubwa wake akataja koleo. Alilitaja kwa upole, kama fundi anavyotaja kazi ndogo. Mama mkubwa hakujibu. Aliuvuta mkono wake, akaufunika kwa mtandio, akakaa chini palepale sakafuni, miguu peku, kwa maana makubazi yake yalikwisha pita upande wa pili kwa sababu ya misumari. Nyuma yetu mahujaji wakawa wamejipanga. Hakulia wala hakugomba. Alikaa tu, kama watu wa kwetu wanavyokaa wakati shauri halijaisha.

Lililotuokoa ni kifimbo. Binti yule alikwenda akachukua kile chombo kidogo cha mkononi, akapiga magoti mbele ya bibi, akakipitisha juu ya mwili wake wote. Kililia kwenye vikuku tu, pengine popote kikanyamaza. Kisha akavizungusha vikuku kimoja kimoja kwa vidole vyake, akatazama chini yake, akasema, "Pita bibi, utuombee." Kazi yote haikuzidi dakika mbili. Shaba ilikwenda Makka ikarudi Matambarale, na mama mkubwa alizikwa nayo.

Siku ile nilimfikiria Kalasinga. Sikh wa Afrika Mashariki, ambao mababu zao wengi walikuja kujenga reli na kuendesha karakana, huvaa mkononi kikuku cha chuma kiitwacho kara, na dini yao inawataka wasikivue. Wakaguzi wa dunia wamekwisha kuzoea: kara hubaki mkononi, mkono hukaguliwa, mtu hupita. Kwa nini? Kwa sababu Masingasinga ni watu waliojieleza. Walikuwa na vyama, wakaandika barua, wakafundisha. Mwanamke wa Kimwera mwenye shaba ya ndoa hana chama kinachomwandikia barua, na hukumu yake hutegemea kama binti wa langoni alilelewa na bibi yake au hakulelewa.

Tena haya yote yangekuwa mepesi kama lango lingekuwa linaziba kila tundu. Haliwezi. Tarehe 23 Novemba 1996, mwaka mmoja kabla ya safari yetu, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilitekwa na vijana watatu. Walitumia shoka na mtungi wa kuzimia moto, vitu vilivyokuwamo ndani ya ndege yenyewe, na kile walichokiita bomu kilikuwa chupa ya kileo. Walitaka wapelekwe Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakusadiki. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuko wa Ngazija. Watu 125 walikufa kati ya 175. Ndugu zetu wa Ngazija na watalii wa hoteli iliyokuwa karibu ndio waliowatoa manusura majini. Hakuna kikuku wala kiatu kilichohusika katika msiba ule.

Kiatu kilipata sifa yake mbaya baadaye. Mpaka wakati huo kilishukiwa kwa sababu ya chuma tu: misumari ya katambuga, au kile kipande bapa cha chuma ambacho mafundi hukitia ndani ya soli ili kiatu kisipinde katikati. Tarehe 22 Desemba 2001, miezi mitatu tu baada ya maafa ya New York na Washington, Mwingereza aitwaye Richard Reid alipanda ndege ya American Airlines kutoka Paris kwenda Miami akiwa na baruti ndani ya soli za viatu vyake. Alijaribu kuiwasha kwa kiberiti. Wahudumu na abiria wakamkamata na kumfunga. Kuanzia mwezi Agosti 2006 kila msafiri wa viwanja vya Marekani alilazimika kuvua viatu, na mtindo ukaenea pengi, mwingine kwa sheria na mwingine kwa kuiga. Mwezi Julai 2025 Wamarekani wenyewe wakatangaza kuiondoa amri hiyo. Kwa karibu miaka 20 mamilioni ya watu walitembea na soksi kwa sababu ya mtu mmoja ambaye baruti yake haikuwaka.

Na mwisho kuna shanga. Hapa itanibidi niseme kwa stara. Wanawake wengi wa Kusini na wa Pwani huvaa shanga za kiunoni, ambazo ni siri ya mke na mume, na ambazo msichana huelezwa maana yake na watu wazima katika unyago. Ni za kioo. Lango la chuma halizioni, na kwa miaka zaidi ya 30 zilipita katika viwanja vyote vya dunia bila kulia hata mara moja. Pambo la mkononi lilihojiwa, la kiunoni likapita kimya.

Halafu tarehe 25 Desemba 2009 kijana wa Kinigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, aliyeanza safari yake Afrika Magharibi na kupitia Lagos na Amsterdam, alijaribu kulipua ndege iliyokuwa ikikaribia Detroit kwa baruti iliyoshonwa ndani ya chupi. Ndipo zikaenea mashine mpya, zile za kusimama ndani na kuinua mikono juu, ambazo hazitafuti chuma bali kitu chochote kilicho kati ya ngozi na nguo. Za mwanzo zilionyesha umbo la mtu karibu kama alivyozaliwa, watu wakalalamika sana, na kufikia mwaka 2013 Wamarekani wakaziondoa zilizokuwa na picha za namna hiyo. Zilizobaki huonyesha mchoro wa mtu asiye na sura, na doa la rangi mahali penye shaka. Kwa mwanamke mwenye shanga doa hukaa kiunoni. Mkaguzi wa kike humwita pembeni, huomba ruhusa, hupapasa juu ya nguo, na huuliza hiki ni nini.

Nimewauliza mabinti wa kwetu wanaosafiri hufanyaje. Wengine husema wazi kuwa ni shanga, na mkaguzi akiwa Mwafrika hucheka akawaacha. Wengine hawawezi kulitamka neno hilo mbele ya mgeni. Hao huzifungua nyumbani usiku wa kuamkia safari, wakazifunga katika pembe ya leso, wakaitia leso ndani ya mfuko wa mkononi. Mfuko hupita katika eksirei pamoja na viatu na mikanda ya watu wengine, na mwenye shanga huuchukua upande wa pili.